Jina la Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu wa ofisi ya Walikale alinisimamisha katikati ya baraza, akaweka kiti kimoja kulia kwangu na kingine kushoto.

"Huku njo Bwana, huku njo muntu mwenye shida," akasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambako "njo" ni "ndiye", akivionyesha viti vitupu. "Weye uko kati. Hauna kabila, hauna rafiki. Sasa huyu akisema 'Naogopa', utamuambia Bwana nini?"

"Anasema anaogopa."

Akapiga meza. "Hapana! Utasema 'Naogopa'! Mukalimani hana kinywa yake."

Ndivyo nilivyoanza ukalimani, katika miaka ya arobaini. Ninawaeleza vijana jinsi kazi ile ilivyofanywa, na sitajisifu. Nilikuwa kijana mwenye hofu nyingi. Kifaransa nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya zamani yaliyofungiwa sabuni dukani. Kinyarwanda nilikipata huko Kirolirwe, nilipokuwa nikikamua ng'ombe pamoja na wachungaji. Kwa kuwa hakuna mwalimu aliyenipitisha, kila asubuhi niliona kwamba leo ndiyo siku nitakayogunduliwa kuwa sijui kitu. Baada ya kila shauri nilikwenda nyuma ya ofisi na kulirudia lote peke yangu, kwa sauti zote mbili. Mara nyingi neno bora lilinijia wakati mwenye shida amekwisha kwenda zake.

Kinyarwanda changu kilifanya nihamishiwe Masisi. Huko sikuweza kukubali pombe wala maharagwe ya mtu, maana aliyenikaribisha leo angeweza kusimama barazani kesho. Kapita mmoja wa Bihambwe, yaani msimamizi wa kilima chake, aliniletea mkungu wa ndizi. Nikaurudisha kwa adabu. Mwishowe watu waliacha kunialika. Jumapili, baada ya misa, walishuka njiani wakicheka, nami nilipunguza mwendo nyuma yao ili wasilazimike kunyamaza kwa ajili yangu.

Wakati ule serikali ilikuwa ikiwaleta watu kutoka Rwanda na kuwapa mashamba Masisi. Lakini wengine walikuja wenyewe kwa miguu, wakikimbia njaa au machifu wao. Hao walipewa kibali cha muda tu. Aliyetaka kukaa daima alisikilizwa barazani: kwa nini ulitoka, unaogopa nini ukirudi, ukoo wako ni upi. Kapita wa kilima alichotaka kuishi alipaswa kuwapo. Aliyeshindwa kujibu alirudishwa mpakani.

Aliyesikiliza alikuwa Agent wa Teritware, yaani ofisa wa serikali wa eneo lile, Mbelgiji mgeni ambaye hakujua Kiswahili bado. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kila mstari wa karatasi uwe umejazwa, na kwa hilo nilimwelewa kabisa.

Siku moja aliletwa mama mjane aliyekuwa akilima kwa watu huko Nyamitaba. Alisimama akitazama udongo, na hakuinua macho hata mara moja.

"Unaogopa nini ukirudi?" Agent aliuliza.

"Mume wangu alilala na njaa, hakuweza kwenda kulima kwa chifu," alijibu mama. "Walimpiga mpaka akafa. Aliyeamuru apigwe bado anatawala. Mimi ndiye niliyelia kwa sauti nikamtaja muuaji. Nikirudi, ananingoja."

Niliyasema yote kwa Kifaransa, kama yangu. Agent aliandika, akakohoa kidogo, akauliza: "Baba wa mume wako ni nani?"

Mama akanyamaza.

Kwao, mwanamke aliyeolewa hatamki kamwe jina la baba mkwe wake. Ni heshima, na heshima hiyo haikomi kwa kifo wala kwa kuvuka mpaka. Jina lile husemwa na mtu mwingine. Lakini barazani hapo hakuwapo mtu mwingine aliyelijua.

"Anaficha ukoo wake," alisema Agent. "Uliza tena."

Niliuliza tena. Machozi yalimdondoka mama, mdomo umefungwa. Mimi sababu niliijua.

"Bwana, naomba ruhusa ya kusema kwa kinywa changu."

"Wewe ndiye unayeomba kukaa?"

"Hapana, Bwana."

"Basi tafsiri."

Agent alikuwa amekwisha kuifunga kalamu. Hapo kapita wa Nyamitaba, mzee wa kabila la Wahunde mwenye maneno mengi, akainuka kwenye benchi.

"Bwana anataka huyu mama avue nguo hapa mbele ya batu?" akasema kwa Kiswahili. "Kusema lile jina iko vile vile."

Nilitafsiri yote, hata lile la nguo. Agent akawa mwekundu. "Hapa lazima pawe na jina."

"Ni jina tu inakosa? Andika yangu! Baba mukwe wake njo miye."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

"Tangu lini?" akauliza Agent.

"Tangu leo. Yule wa Rwanda atakuja kumupa shamba? Miye njo nitamupa. Mutu akimugusa, atanikuta miye."

Ningeweza kuliacha lile "tangu leo", na shauri lingekuwa rahisi zaidi. Sikuliacha; nililisema kwa Kifaransa, kisha kwa Kinyarwanda ili mama naye asikie. Agent akamtazama mzee, kisha akamgeukia mama. "Ni kweli? Basi nitajie jina la huyu kapita."

Kilima kizima kilijua jina lile. Mama alikuwa amelitamka asubuhi ile ile, alipouliza kama mzee amefika. Sasa alivuta kitambaa, akafunika uso, akatikisa kichwa: hapana.

"Munaona sasa!" mzee akasema. "Bibi ya mutoto wangu, hawezi kutaja jina yangu."

Agent aliisoma karatasi yake tena toka juu. Kisha akafungua kalamu, akajaza mstari kwa jina la mzee.

Niliiacha kazi katika miaka ya hamsini, masikio yangu yalipoanza kuwa mazito kwa ugonjwa. Nilimwomba mtu arudie neno, kisha nikamwomba tena; siku hiyo hiyo niliaga. Mkalimani anayekisia humpoteza mtu.

Kabla ya kurudi kwetu Walikale nilikwenda Nyamitaba, kukiona kilima hicho. Nilimkuta yule mama akipalilia maharagwe, na wakwe zake, watu wa mzee kapita, wakimwita toka juu. Tulisalimiana kwa Kinyarwanda, naye akanipa maji. Nikamuuliza alipataje kukaa pale.

"Nilipata Mzungu mwema," akasema. "Sikuthubutu kumtazama usoni, lakini alinena kikwetu kama aliyezaliwa kwetu. Aliponiuliza ninaogopa nini, nikaona huyu naweza kumwambia. Na wewe, papa, una mtu wa kwako hapa kilimani?"

"Sina," nilimjibu. "Ninapita tu."

"Pole, papa. Upite salama."

Nikamrudishia kibuyu, nikashuka.