Siku Tatu Nilizozificha

Mjukuu wangu ni daktari. Hilo nalisema hata kwa mtu aliyekuja kuuliza bei ya karanga. Mimi niliishia darasa la nne, tena la nne lenyewe sikulimaliza vizuri, lakini kwenye nyumba hii ametoka daktari, na asiyetaka kusikia aende kununua karanga kwingine.

Aliletwa kwangu akiwa na miaka saba, baada ya kumzika mume wangu. Ndivyo tunavyofanya huku: mjane haachiwi nyumba tupu, anapewa mtoto wa kukaa naye. Wazazi wake walimpandisha basi Igunga, akashuka Tabora na kikohozi na kijifuko cha nguo. Tukawa wawili. Nilimwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike, naye hakukaa kimya. "Mke mwenza," anasema, mtoto mdogo vile, "leo ugali wako umelala mbichi. Mume wetu angekurudisha kwenu." Nilicheka peke yangu jikoni mpaka moshi ukaniingia.

Mwaka juzi alikuja likizo na kompyuta yake, akaniambia kuna mfuko unatoa fedha kwa wanafunzi na madaktari wanaotafiti magonjwa ya moyo na kiharusi. Anataka kuomba.

"Mkopo?" nikauliza.

"Si mkopo. Hairudishwi."

"Watu gani hao wasiotaka kurudishiwa? Wanataka nini kwako?"

"Wanataka niwaeleze nitatafuta nini, na kwa nini."

Hapo nikaelewa. Ni kama kumwomba mtu kipande cha shamba. Hakupi kwa uzuri wa uso wako, anakuuliza utapanda nini. Jirani yangu, ambaye mume wake kiharusi kilimwacha na mkono mmoja uliokufa, aliposikia akapiga makofi. "Mwenzangu! Wazungu wanatoa hela za kutafuta kiharusi? Waambie waje kwangu, kimekaa kitini tangu mwaka jana, kinadai chai."

Fomu ilikuwa na mahali pa kueleza kwa nini mwombaji amechagua kazi ile. Aliandika kwa Kiingereza siku mbili, akifuta, akirudia. Mchana mmoja akakaa mkekani, mimi nikibambua karanga, akasema atanisomea kwa Kiswahili nione kama amemsema babu yake vizuri.

Alimsema vizuri. Alimsema mkulima wa tumbaku aliyejua moto wa bani, yaani nyumba ya kukaushia majani, kwa kuugusa ukuta tu. Kisha akasoma: babu alipatwa na kiharusi asubuhi, akafikishwa hospitali ya mjini asubuhi hiyohiyo, na bado akafa. Aliyekimbizwa mapema hakusaidiwa. Kwa hiyo yeye anataka kuchunguza kwa nini hospitali zetu zinashindwa kuwaokoa wagonjwa waliofika mapema. Hilo, akasema, ndilo lililomfanya awe daktari.

Mikono yangu ikasimama kwenye karanga.

Mambo hayakuwa hivyo. Hivyo ndivyo nilivyosema mimi.

Asubuhi ile mume wangu alishika kikombe, kikombe kikaanguka. Chai ikamtoka upande mmoja wa mdomo kama mtoto mchanga. Nikajua ni upepo mbaya. Huku kila mtu alijua: aliyepigwa na upepo ule usimpeleke kwenye sindano, akichomwa tu anakufa palepale. Nikampaka mafuta ya nyonyo, nikamfukiza majani, nikamfunika blanketi. Siku moja, siku mbili. Siku ya tatu shemeji yangu akapita, akanitukana, akamfunga mgonjwa katikati yetu kwenye pikipiki, tukaenda mjini. Daktari akauliza, "Ameanza lini?"

Nikasema, "Asubuhi hii."

Neno lilinitoka kabla sijaliita. Niliona uso wa yule daktari, kijana aliyechoka, nikaona aibu. Mume wangu akafa baada ya siku nne, na watu msibani wakauliza, nami nikajibu vilevile. Shemeji alinyamaza. Naye baadaye akafa, uongo ukabaki na mtu mmoja wa kuulinda.

Sasa ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza, unaenda ng'ambo kuomba fedha.

Ningeweza kunyamaza. Niseme ukweli, nilitaka kunyamaza. Nilifikiri: apewe tu hizo fedha, kuna ubaya gani? Lakini nikamfikiria yule daktari kijana aliyebebeshwa maiti ya mume wangu miaka yote hii, na huyu mtoto akipewa shamba kubwa apande mbegu iliyooza. Asivune kitu. Na kosa ni langu.

"Haikuwa asubuhi ile," nikasema.

"Ilikuwa mchana?"

"Ilikuwa siku ya tatu."

Nikamweleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Ulimwambia daktari uongo?"

"Nilimwambia."

"Nimeichukia hospitali ile tangu nikiwa na miaka saba. Nimesoma kwa hasira hiyo. Umenilea nayo, umenipikia, ukaniangalia tu."

"Nilikuangalia tu," nikasema.

Akatoka nje, akasimama muda mrefu karibu na mizinga ya nyuki aliyoiacha babu yake. Aliporudi akafuta karibu yote aliyoandika. Akaandika upya mpaka jua likateremka: sasa anataka kujua kwa nini mgonjwa wa kiharusi anakaa nyumbani, anakaa na nani, anaogopa nini. Kesho yake asubuhi akapanda bodaboda kwenda Isikizya, kwenye mtandao wenye nguvu, akaituma fomu. Chai yangu hakuinywa. Na tangu siku ile ananiita bibi.

Fedha akapata. Nilisikia kwa mama yake, siyo kwake. Nilifurahi, nikatafuta wa kumwambia, nikamwambia kuku.

Mwaka huu mwezi wa sita gari la utafiti likaanza kuzunguka vijiji vyetu. Mjukuu wangu alikuwa ndani yake. Alinipigia simu, sauti ya kazini: sheria ya utafiti hairuhusu amhoji ndugu yake. "Usijisikie vibaya, bibi." Nikasema sijisikii vibaya. Analala nyumba ya wageni na wenzake. Vumbi la gari lao nililiona mara mbili kabla ya kumwona yeye.

Kisha ikafika zamu ya jirani yangu. Yule mwenye mdomo mrefu akaogopa. "Sisemi kitu mpaka mwenzangu akae hapa," akamwambia mjukuu wangu. Nikaitwa. Mjukuu wangu akanipa shikamoo mbele ya wenzake, nikaitikia marahaba, akanieleza kwamba nikae lakini nisijibu chochote. Nikakaa. Mume wa jirani yangu alikuwa kitini, mkono wake mapajani kama kitu cha kuazima.

Jamani, anajua kazi. Jirani yangu akiropoka, anasubiri. Akinyamaza, anasubiri zaidi. Sikumfundisha mimi hilo. Akauliza, "Mama, siku ya kwanza ulikuwa na nani hapa nyumbani?"

Jirani yangu akataja dada yake, mchungaji wao wa kanisa la Moravian, watoto. Walikuwa wengi, wote wakibishana.

Nikatazama sakafu. Swali hilo mimi hakuna aliyewahi kuniuliza, si daktari, si msibani, si mimi mwenyewe.

Walipomaliza akanisindikiza hatua zile chache mpaka mlangoni kwangu. Gari likapiga honi. "Nitakuja Jumapili," akasema.

Jumapili nilichinja jogoo, nikapika wali. Hakuja. Walikuwa wamepelekwa Ulyankulu. Jioni akapiga simu. Aliniuliza habari za mguu wangu unaoniuma, habari za mvua ambayo si majira yake, kisha akanyamaza, kule kunyamaza kwake kwa kazini.

"Bibi. Siandiki popote, nauliza tu. Siku ya kwanza ulikuwa na nani?"

"Na babu yako," nikamwambia. "Nilikuwa na babu yako, naye alikuwa hawezi kuongea."