Kwenda Kulitazama Bonde Lisilo na Watu

Jumapili ile baada ya ibada nilikuwa nimekaa barazani, Anaeli ananyonya upande wa kushoto, mkono wangu wa kulia unanakili. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya siri hapa Arusha. Mume wangu Yohana ni karani wa boma, na mwandiko wake ni kama kuku aliyekanyaga wino. Basi kila karatasi inayotakiwa kuonekana na wakubwa huletwa nyumbani, mimi naiandika upya, na Yohana anasifiwa. Bwana Mkubwa alipata kusema hajaona karani mweusi mwenye herufi zilizonyooka namna ile. Yohana akaniletea sifa hizo nyumbani kama zawadi. Nikamwambia ahsante.

Karatasi ya siku ile ilikuwa tangazo. Bwana mpima alikuwa amerudi kutoka mashariki ya Mlima Meru, alikokwenda kumpimia ardhi mlowezi mmoja. Yohana alikuwa ameyageuza maneno yake yawe Kiswahili ili yabandikwe kwenye ukuta wa boma. Nikanakili: "Bonde la Nkoaringo ni tupu. Hamna watu wala moshi. Mna migomba ya porini, na vichaka vya majani marefu vilivyojipanga mistari vyenyewe. Kijito kinapita ubavuni mwa kilima. Ni mahali pa utulivu mkubwa. Bonde litapewa bwana mlowezi. Mwenye neno na aje bomani Jumamosi ijayo kabla jua halijatua."

Hapo kwenye jua kutua mkono ukasimama. Nkoaringo ndiko nilikozaliwa. Mama yangu anakaa Nkoaringo, na kama hakubadilika tangu mara ya mwisho nilipomwona, yeye ni mtu.

"Mbona umeacha?" Yohana akauliza.

"Baba Anaeli, mama yangu anaishi wapi?"

Akajikuna kichwa. "Mimi sikutunga. Nimegeuza tu."

"Ulipokuja kuposa ulikula loshoro ya nani? Ya nyani?"

"Mama Anaeli, nakili tu. Kazi yetu si kuyapima maneno ya wakubwa."

Nimevumilia mengi katika ndoa hii na katika mji huu. Nimevumilia viatu vya kanisani vinavyoniua vidole. Nimevumilia kusikia mwandiko wangu ukisifiwa kwa jina la mwanamume. Lakini kuandika kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa herufi nzuri, kwamba mama yangu hayupo duniani, hilo lilinishinda. Misheni walinisomesha mpaka darasa la juu kabisa la wasichana. Walinifundisha kusoma, kuandika, kushona na kunyamaza, na hilo la mwisho sikulifaulu.

Nilimaliza kunakili. Ningegoma, wangempa mwingine. Nikapuliza wino ukauke, nikamkabidhi Yohana, nikamwambia kesho nakwenda kulitazama bonde lisilo na watu, kwa kuwa napenda sana utulivu.

Jumatatu alfajiri nikamfunga Anaeli mgongoni, nikashika njia. Nilipopita mbele ya boma, tangazo lilikuwa limekwisha pigiliwa misumari. Liko juu sana, mtu wa kimo changu husimama kwa vidole kulisoma. Askari wa zamu alikuwa amesimama chini yake akichokonoa meno. Nilimwuliza limeandikwa nini. Akasema, "Mambo ya serikali, dada." Nikashukuru kwa maelezo.

Nikavuka mto Themi kwa mawe, viatu mkononi. Jua lilipotoka, mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, na huko mbele mashariki Kilimanjaro ilikuwa imetoa kichwa chake cheupe juu ya mawingu. Nitasema ukweli, nchi yetu ni nzuri. Ndiyo shida yake. Ingekuwa mbaya, wapimaji wangetuacha tule viazi vyetu kwa amani.

Kabla ya mto Nduruma nilipishana na gari la Makaburu linalovutwa na maksai, jozi nane, vumbi hadi mbinguni. Bibi mmoja wa Kikaburu alikaa juu ya masanduku, naye ana mtoto mchanga kifuani. Tulitazamana. Mtoto wake analia, wangu analia. Nikafikiri, pengine na huyu ameambiwa huko mbele kuna bonde tupu. Akanipungia mkono. Nami nikampungia, sina ugomvi na mtoto.

Saa sita tulifika Tengeru. Nikakaa kivulini kumnyonyesha Anaeli, kando ya mama mmoja wa Kiarusha aliyekuwa amepanga vibuyu vya maziwa ya mgando. Alinitazama miguu.

"Mke wa viatu, unampeleka wapi mtoto na jua hili?"

"Nkoaringo, mama."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Boma wamesema hakuna hata mtu mmoja."

Akacheka mpaka shuka likamteleza begani. "Siku ya soko iliyopita nimempa mmoja maziwa. Mama mfupi, ana pengo, mdomo haufungi."

"Huyo ni mama yangu."

"Basi msalimie huyo asiyekuwapo. Mwambie anirudishie kibuyu changu."

Kutoka Tengeru njia inaacha barabara ya magari na kupanda. Hewa inabadilika, udongo unakuwa mweusi, mbega wanaruka juu ya mikuyu na mikia yao myeupe. Sikio langu lilianza kusikia maji kabla sijayaona. Hicho ndicho kile kijito kinachopita ubavuni mwa kilima. Nikasimama kukistaajabia. Kijito hicho kina adabu: maji yote ya mlima yanateremka kwenye makorongo, lakini haya yanakwenda kwa upande, polepole, yanakunja kona panapotakiwa, yana kingo za mawe, na kila baada ya hatua mia kuna mlango wa mgomba uliokatwa na kukandikwa tope. Ni mfereji wa babu zangu. Umechimbwa kwa mijiti na majembe ya mbao, na aliyeupima hakuwa na darubini ya miguu mitatu.

Mbele kidogo nikakutana na vile vichaka vilivyojipanga mistari vyenyewe. Ni masale. Kila mtoto wa Meru anajua masale: ndiyo mpaka wa kihamba na kihamba, yaani shamba la migomba la kila nyumba, ndiyo alama ya kaburi, na ndilo jani unalompelekea uliyemkosea ili akusamehe. Yalikuwa yamekatwa. Njia nyeupe ilikuwa imepita katikati yake, iliyonyooka kabisa, kutoka kigingi hadi kigingi, ili bwana mpima aone mbali. Ilipita juu ya kaburi la baba yangu. Hapo sikusema kitu cha kuchekesha.

Alasiri niliingia uani kwa mama. Kigingi kimoja chenye kitambaa chekundu kilikuwa mlangoni, na mbuzi amefungwa hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huyo mtoto anakula nini, karatasi?"

"Mama, unajua hicho ni nini?"

"Kigingi. Kizuri, hakitikisiki. Wameacha kumi na moja, nimepata kimoja tu, vingine wamewahi majirani."

Nikamwambia habari za tangazo. Alinisikiliza huku amemchukua Anaeli na kumkagua masikio kama anamnunua. Nilipomaliza akauliza, "Sasa siku aliyopita huyo mpima, mimi nilikuwa wapi?"

Ndilo swali ambalo mimi nililibeba njia nzima. Aliyenijibu ni Mzee Ndosi, mkuu wa mfereji, aliyekuja jioni kunywa maziwa ya kibuyu cha watu. Akahesabu siku kwa vidole, akahesabu tena.

"Alikuja siku ya banio," akasema.

Wasiotoka kwetu niwaeleze. Mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua za masika, mfereji unafungwa juu kabisa kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Siku hiyo kila moto wa bonde unazimwa alfajiri, kwa sababu hakuna jiko linaloruhusiwa kuwaka wakati maji yamelala. Wote wanapanda: wazee, wajawazito, watoto, mbuzi, hata kuku wanabebwa kwenye matenga, maana ukiacha kitu nyumbani utapata kisingizio cha kushuka mapema. Wanazibua, wanajenga mawe, wanakanda tope. Wanashuka pamoja na maji, na moto mpya unashuka nao kutoka banio, nyumba kwa nyumba mpaka kihamba cha mwisho. Siku moja tu katika mwaka mzima Nkoaringo haina mtu wala moshi. Bwana mpima, kwa akili zake zote na darubini yake, aliichagua hiyo.

"Na mlipoviona vigingi, mzee, kwa nini hamkwenda bomani?"

"Kusema nini?"

"Kwamba mpo."

Mzee Ndosi akanitazama kwa huruma. "Binti yangu, umeona wapi mtu anafunga safari kwenda kusema yupo?"

 Nikafungua furushi langu, nikatoa karatasi na kalamu.

Jumanne na Jumatano nilitembea bonde zima, karatasi mkononi na mtoto mgongoni. Niliandika kila kihamba na mwenyewe, kila kaburi na aliyelala, kila mlango wa mfereji na zamu yake ya maji. Kila nyumba waliniuliza naandika nini, kila nyumba walicheka, kila nyumba walinikalisha nile. Sehemu tupu pekee niliyoikuta ni kichwa cha aliyetunga tangazo lile.

Alhamisi niliwaomba wazee twende wote Arusha. Wakakataa. Mara ya mwisho watu wa Nkoaringo kwenda bomani kwa shauri lao, walirudi baada ya miezi miwili, migongo imevimba, wametengeneza barabara. Mzee Ndosi aling'oa shina moja la masale lililokatwa, akanipa. "Hicho ndicho kichaka," akasema. "Waoneshe. Mwambie huyo bwana hili ukilikata unalichomeka, linaota."  Mama alinipa ndizi za njiani na kile kibuyu, akavishika vidole vya Anaeli muda mrefu kuliko kawaida yake.

Ijumaa nilishuka. Tengeru nilimrudishia mama wa Kiarusha kibuyu chake. "Kwa hiyo wapo," akasema. Nikamwambia wapo, ila bado haijathibitishwa.

Jumamosi saa tisa niliingia bomani, Anaeli mgongoni, masale mkononi, karatasi kifuani. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeandika shauri langu na kumwambia Yohana. Hakulala vizuri. Alikuwa na haki: mwandiko ukifanana, wakubwa watauliza ni nani amekuwa akiwaandikia miaka yote hii, na kazi ya karani inaweza kumtoka, na viboko vikamwingia. "Utanimaliza, Mama Anaeli," alisema. Nikamjibu kwamba kuna bonde zima limekwisha malizwa kwa kalamu, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. 

Anayepokea mashauri Jumamosi ni nani? Ni huyo huyo Yohana. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, kofia imenyooka, na mlango wa Bwana Mkubwa uko wazi nyuma yake.

"Jina la mwenye shauri?" akauliza bila kuinua macho.

"Rebeka."

"Binti wa nani?"

"Unamjua. Ulimpelekea ng'ombe."

"Binti wa nani," akarudia, sauti imeshuka.

"Binti Ndelyo. Baba huyo amezikwa Nkoaringo, chini ya ule mstari ulionyooka."

Akaandika, kwa ule mwandiko wake wa kuku. Akachukua karatasi zangu, akaisoma ya kwanza yote mpaka chini. Nilimwona anafika kwenye mstari wa mwisho, nikamwona anatazama dirishani, pale ukuta ulipo na tangazo lake. Kisha akakandamiza mhuri kwenye wino, akaugonga, akainuka, akalichukua lile shina la masale pamoja na karatasi, akaingia navyo mwenyewe kwa Bwana Mkubwa. Angeweza kuviacha mezani. Jua lilikuwa bado juu.

Nilichojifunza katika safari hii ni kidogo, nacho ni hiki: kuna nchi ambamo kuwapo hakutoshi mpaka uandikwe, na anayejua kuandika hana ruhusa ya kunakili tu. Maneno niliyoyapeleka ni haya, neno kwa neno:

"Kwa Bwana Mkubwa wa Boma, Arusha. Mimi Rebeka binti Ndelyo nina neno juu ya tangazo la bonde la Nkoaringo. Bwana mpima alipita siku ya banio, ambayo moto huzimwa na watu wote hupanda mlimani. Siku nyingine zote za mwaka tupo. Migomba si ya porini, imepandwa, na majina ya waliopanda yamo katika karatasi ya pili. Kijito ni mfereji uliochimbwa kwa mikono. Vichaka ni mipaka na makaburi, na vimekatwa, na mmoja wa waliolala chini yake ni baba yangu. Naomba tangazo liondolewe na bwana mpima arudishwe Nkoaringo siku yoyote nyingine, atapewa chakula. Bwana atauona mwandiko huu kuwa ni ule ule wa tangazo. Ni kweli, yote mawili nimeandika mimi. Lile niliandika kabla sijakwenda kutazama."