Nilivyokubali Kupasuliwa Kiuno

Siku ya kwanza ya kazi niliripoti kwenye ghala la tumbaku huko Ng'ambo, mjini Tabora. Nilikuwa nimetoka kwetu Ipole na cheti cha darasa la saba. Mnyapara, yaani msimamizi wa wapakizi, alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sauti ndogo hivyo, robota utalibeba na nini?"

Akajijibu mwenyewe. "Robota halibebwi kwa mikono, mwanangu. Linabebwa kwa kiuno."

Robota ni tumbaku kavu iliyoshindiliwa na kushonewa gunia. Wenzako wawili wanalinyanyua, wewe unaingia chini yake umekunja magoti, unalipokea begani, kisha unapanda nalo ubaoni mpaka juu ya lori. Kanuni ni moja: ukitaka kugeuka, geuza miguu kwanza. Ukijisokota na mzigo, umeumia.

Msimu wa tumbaku ukiisha, nilikuwa nahamia kwenye stoo ya mchele ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi. Alikuwa akitupa chai ya tangawizi kabla ya kazi. "Usikimbie, bwana," alikuwa akiniambia. "Nakutaka na kesho." Tumbaku ikirudi sokoni, nami narudi kwa mnyapara. Niliishi hivyo miaka sita, na nilikuwa mpakizi mzuri.

Siku niliyovunja kanuni, ubao uliteleza, nikajisokota nisianguke. Kitu kililia kiunoni kama kijiti kikavu kinachovunjika. Baada ya wiki chache maumivu yalishuka mpaka unyayo wa kulia.

Hospitali niliulizwa kinachouma, nikasema mguu. Sisi wapakizi, mtu akisema kiuno chake kibovu, wenzake wanaelewa jambo jingine kabisa, la chumbani. Nami nilikuwa nimemchumbia Tausi, binti wa kutoka kijiji cha Ziba, na daktari mwenyewe alikuwa mwanamke. Basi nikatibiwa mguu. Msimu mzima nilichua mguu usio na kosa.

Jioni moja tulikuwa tunatoka sokoni, Tausi akasimama.

"Umeacha kandambili huko nyuma."

"Wapi?"

"Hatua kama kumi. Hukusikia?"

Sikusikia. Nilijaribu kuinua vidole vya mguu, havikuinuka.

"Hospitali uliwaambia nini?"

"Mguu."

"Na kinachouma ni nini?"

Nikajishika kiuno, nikageuka kuifuata kandambili.

"Haya. Nitasema mimi."

Siku ya kliniki aliingia pamoja nami. "Daktari, ni kiuno," akasema. "Anaona haya."

Nilipigwa picha za kipimo kikubwa, daktari akatuonyesha. Katikati ya pingili za mgongo kuna vitu laini kama mito midogo ya kulalia, vinaitwa diski. Moja yangu ilikuwa imechomoza, imebana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Alisema wengi wenye tatizo hili hupona kwa mazoezi na dawa, bila kisu. "Lakini mguu wako unapoteza nguvu. Kwako ningeshauri upasuaji. Tukichelewa, huenda nguvu zisirudi zote."

Nikaomba siku tatu nifikirie. Mnyapara alipopata habari, aliniambia mbele ya wapakizi wote.

"Wakikupasua kiuno, mwambie huyo binti atafute mwingine mapema."

Walicheka, nami nikacheka nao, lakini usingizi ulikatika. Swali nilikuwa nalo, mdomo wa kuuliza sikuwa nao. Siku ya tatu nikaliandika kwenye karatasi, taratibu, herufi kwa herufi: Je, nikipasuliwa kiuno nitaweza kuoa? Nikampa daktari, Tausi akiwa kando yangu, nikitazama sakafu.

Hakucheka. "Tunatoa kipande kinachobana mshipa, basi. Hatari zipo, kama upasuaji wowote, na nitakueleza zote. Lakini hiyo uliyoambiwa ni hadithi ya ghalani. Ninachokuambia wazi ni hiki: hata ukipona vizuri, usirudi kwenye robota."

Hapo ndipo nilipoelewa ninachochagua. Nilikuwa naogopa kupoteza kitu ambacho hakikuwa hatarini, na kazi niliyoijua kuliko zote ndiyo iliyokuwa inaondoka. Nilimtazama Tausi. Akasema, "Robota sikuchumbiwa nalo." Nikachukua kalamu, nikatia sahihi fomu ya upasuaji kwa majina yangu yote matatu.

Mguu ulirudi pole pole. Vidole vinainuka sasa. Nimestaafu upakizi nikiwa na miaka ishirini na sita. Nashona midomo ya magunia katika ghala lile lile, na vijana wapya nawafundisha kugeuza miguu kwanza. Sijutii kupasuliwa. Najutia ule msimu niliosema ni mguu.

Mwezi uliopita mke wangu, Tausi, aliniletea chakula cha mchana, tumbo likiwa limetangulia. Mnyapara alilitazama, akanitazama mimi, akaenda kuhesabu kamba ambazo hakuna aliyemwambia azihesabu. Wiki hiyo hiyo wapakizi wawili walinivuta pembeni, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniuliza kwa sauti ndogo kliniki ya kiuno ni siku gani.