Kanda za Kiti cha Mama

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu Neema, kwa sababu ndiyo siku niliyojiona fundi kuliko mafundi wote wa Babati. Jana uliposema, "Baba, tukiweka sponji na kitambaa kipya kitakuwa poa," sikukasirika, nilijiona mimi mwenyewe ujanani.

Kiti hiki unachotaka kukipeleka kwako Nakwa kilikuwa cha mama yangu. Baba alikichonga, na sehemu ya kukalia akaisuka kwa kanda za ngozi. Kila ng'ombe aliyekuwa na maana kwetu, akifa au akichinjwa, ngozi yake ilitoa ukanda mmoja, nao tuliuita kwa jina la ng'ombe huyo. Ukanda wa katikati ulikuwa Madoa, ng'ombe ambaye mama alipewa na baba yake alipoolewa.

Basi siku ile mama akaenda shambani Sigino kuvuna mahindi. Mimi, kichwa kimejaa useremala niliotoka kujifunza mjini, nikataka kumfurahisha. Nikakata kanda zote kwa kisu, nikawatupia mbwa. Nikapiga randa, nikapaka vanishi, nikaweka sponji na kitambaa chekundu. Kiti kikawa kama cha mkurugenzi!

Mama alirudi jioni, akatua mzigo, hakukaa.

"Kanda ziko wapi?"

"Zilichakaa, mama. Nimewapa mbwa."

Akakaa chini kwenye vumbi. "Faustini, nilipokuzaa maziwa yalinikauka. Madoa ndiye aliyekulea. Leo umemtupia mbwa."

Majuto ni mjukuu, mwanangu, lakini yangu yalifika kabla jua halijazama. Nililia na ndevu zangu. Mama hakunibembeleza. Alisema, "Machozi hayasuki kiti. Inuka ukatafute."

Nilipekua uwanja mzima na migomba yote. Nilipata kipande kimoja, kifupi, kina alama za meno, lakini bado kina vinyweleo vyeusi na vyeupe. Mama alikitambua mara moja: Madoa. Nikang'oa sponji, nikaloweka ngozi mpya, nikaanza kusuka upya, kile kipande cha Madoa nikakiunga katikati. Mama alikaa kando akinitajia majina ya zile kanda za zamani, ukanda kwa ukanda. Nikikosea jina, nafumua. Siku tatu nilifumua na kusuka, mpaka majina yote yakatoka kinywani kwake yakaingia kwangu.

Watu husema ya kale ni dhahabu, lakini mchwa hajui dhahabu. Ndiyo maana leo asubuhi nimekata mguu wa nyuma wa kiti uliooza, nikaweka wa mninga mpya, na sikuupaka rangi ufanane na mingine. Huo ni mguu wa baba yako, ujulikane.

Nasaha yangu ni hii: kilichooza kitoe, usikionee haya. Ila kabla hujatia kisu, uliza kwanza ni cha nani na kilifikaje hapo. Mwenye kujua akiwa hai, kuuliza ni kazi ndogo sana.

Kesho, kabla hujakibeba, utakaa hapa nikutajie kanda zote, nawe uzirudie. Ukikosea moja, kiti hakitoki mlangoni.

Mungu akujalie nyumba yenye watu wa kukikalia. Na siku mwanao atakapokisogelea na kisu mkononi, Mungu amjalie akukute uko hai, umwambie Madoa alikuwa nani.