Aliyemwita Neema

Usiku ule nililala hoi, mikono bado inanuka grisi ya karakana. Kesho yake mimi na Neema, ninayekaa naye chumba kimoja hosteli, tulikuwa tuonyeshe mradi wetu wa mwaka wa mwisho: mkono wa roboti unaopokea majani ya mkonge na kuyaingiza kwenye korona, ile mashine ya kuyakwangua. Kihisi chetu, kijicho cha kuusimamisha mkono huo kikiona kiganja cha mtu, kilikuwa kinadanganywa na vumbi na kuzima kila kitu. Neema akakata waya wake. "Nitalisha mimi mwenyewe," alisema. "Mkono wangu naujua." Sikupenda, lakini sikuwa na nguvu za kubishana.

Usingizini nikamwona Babu. Amekaa kwenye kiti cha maabara, mkono wa kulia wa shati lake umefungwa fundo. Mkono wenyewe ulichukuliwa na korona shambani kabla mama yangu hajazaliwa, na yeye tulimzika nikiwa kidato cha nne. Nilifurahi kumwona, maana tulikuwa watani, maisha yake yote hakuwahi kuniita jina langu, ilikuwa "mke wangu, chai iko wapi?" tu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika.

Ananitazama. Kisha anasema, "Rehema."

Bibi alitufundisha tangu wadogo kwamba marehemu akikuita ndotoni, usiitike. Nikanyamaza.

Kuta za maabara hazipo tena. Tuko kiwandani, mkonge unanuka uchachu, mikanda inazunguka, na katikati ya makelele umesimama mkono wetu wa roboti, mrefu kuliko mtu. Unafumba vidole na kufumbua, taratibu.

"Huyo anayelisha ni nani?" Babu anauliza.

Nageuka. Ni Neema, kanipa mgongo, kakumbatia majani, anaimba. Nataka kumpigia kelele, ulimi hauinuki. Nabonyeza swichi nyekundu ya kuzimia. Nabonyeza tena. Mkono wa chuma unaliacha jani, unasogea, unatafuta kiganja chake. Sijawahi kuogopa vile, hata msibani kwake Babu.

Ndipo Babu, ambaye hakuwahi kumwona Neema duniani, akaita kwa upole, "Neema."

Na Neema, asiyejua mafundisho ya Bibi yangu, akaitika, "Abee."

Akaanza kumwendea. Babu akanigeukia, machozi yanamtoka.

"Sikuja kumchukua," akasema. "Lakini akija, mkono huu mmoja hautoshi kumrudisha."

Nikazinduka. Mkono ulikuwa unaning'inia mbele ya uso wangu. Nilipiga yowe kabla sijaelewa kwamba ni wa Neema, aliyelala kitanda cha juu. Nikaukamata kwa mikono yangu yote miwili. Ulikuwa na joto.

"We Rehema, una nini?"

"Kukicha tunaunga ule waya."

"Mashine itazima mbele ya wasahihishaji. Tutafeli."

"Tufeli," nikamwambia, na sikuuachia mkono wake mpaka aliposema, "Haya."