Kiwanda Nilichokipima Nikinywa Supu

Serikali ilipoanza kuruhusu watu binafsi kufungua viwanda, mimi nilikuwa karani wa takwimu katika ofisi moja pale Dodoma, na nilijiona mtu wa maana sana. Nilitembea na kalamu tatu mfukoni, mbili hazina wino. Kazi yangu ilikuwa kukadiria uwezo wa viwanda vipya: kila kimoja kinaweza kuzalisha kiasi gani kwa mwaka.

Nikaanza na kiwanda pekee cha kukamua alizeti upande ule wa mji. Mwenyewe alinipokea getini kwa adabu zote, akanieleza kwamba mitambo yake ni siri ya biashara, akafunga geti. Nikafanya walichofanya wataalamu wote niliowafahamu: nikatafuta kivuli. Ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa akiuza supu ya mbuzi, na kutoka kwenye benchi lake geti lilionekana vizuri. Nikashinda pale siku moja nzima nikihesabu magunia yanayoingia. Jioni nikazidisha kwa siku za kazi za mwaka mzima, nikapata kiwanda kikubwa ajabu.

Bosi aliipenda hesabu ile. Ikapigwa chapa, ikasomwa vikaoni, gazeti moja likaiandika. Miezi michache baadaye wakaja wageni wa mradi mmoja wa kilimo na makisio yao wenyewe, yakalingana na yangu kabisa. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, mpaka niliposoma maandishi madogo chini ya ukurasa wao. Walikuwa wamelinukuu gazeti. Nikanyamaza, na kifua sikukishusha.

Nilikwenda nacho hadi kijijini, upande wa Mpwapwa, kwa mama mkubwa aliyenilea. Yeye alilima uwele, na uwele huo ndio uliokuwa chakula chake cha mwaka. Nikamwambia aachane nao.

"Kile kiwanda kinaweza kumaliza alizeti ya mkoa mzima, mama. Nimekipima mwenyewe."

Hakubisha, maana msomi wa ukoo nilikuwa mimi. Akapanda alizeti shamba zima.

Ikakubali vizuri mno. Siku aliyoileta mjini kwa lori nilimkuta nje ya geti, amekaa juu ya magunia yake, nyuma ya watu wengi waliokaa juu ya magunia yao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wanasema hawapokei tena. Nirudi baada ya miezi miwili."

Hasira zikanipanda. Niligonga lile geti kwa ngumi mpaka wakafungua, nikaingia naye.

Ndani kulikuwa na mashine moja. Moja tu, na fundi amelala chini yake anagongagonga, na magunia yamepangwa mpaka yanagusa bati. Nikamwuliza fundi vipi wanashindwa, wakati mimi kwa macho yangu niliona shehena nzima ikiingia kwa siku moja.

"Siku gani hiyo?"

Nikamtajia. Akacheka huko huko chini.

"Hiyo ni siku ya mnada, bwana. Watu wanaleta ng'ombe na alizeti safari moja. Mzigo wa siku hiyo tunaukamua mpaka mnada mwingine."

Kwamba ni siku ya mnada nilikuwa najua. Ndiyo maana niliichagua, kwa sababu siku nyingine supu ya yule mama ilikuwa maji na chumvi.

Mama mkubwa aliitazama mashine, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo humu hukuingia."

"Sikuingia, mama."

"Ulikaa wapi?"

Nikamwonyesha benchi kupitia geti lililo wazi.

"Supu ilikuwa nzuri?"

"Nzuri, mama."

"Basi kaninunulie na mimi bakuli moja. Nyumbani ghalani hamna kitu."

Haikuwa siku ya mnada. Alikunywa yale maji na chumvi mpaka yakaisha, akaomba aongezewe.