Theluji ya Mjomba Ilikuwa Nyuma ya Duka la Magodoro

Nimeshika theluji ya Ulaya kwa mikono yangu, na sijawahi kupanda ndege.

Haikuwa baridi. Haikuyeyuka. Ilikuwa kwenye magunia, nyuma ya duka la magodoro, mkabala na stendi ya mabasi.

Kama una haraka, pita. Kama una ndugu yako anaishi nje ya nchi, vuta kiti.

Mimi ni fundi lifti. Kazi yangu ni kupanda na kushuka. Kwenda mbele ndiko nilikokuwa sijazoea. Nilizaliwa jijini, nikasoma jijini, nikapata kazi jijini, na nje ya jiji nilikuwa nafika makaburini tu, tukienda kuzika.

Ila Ulaya nilikuwa naijua vizuri. Treni zao za chini ya ardhi nilizijua kwa video: wapi unapanda, wapi unashuka, wapi unabadilisha. Lakini ungeniuliza mto mrefu kuliko yote nchini kwetu, ningekwambia ngoja nikuulizie.

Sababu ya yote hayo ni Mjomba.

Mjomba ni mdogo wake mama yangu, mtoto wa kiume pekee wa Bibi. Aliondoka nikiwa bado navaa kaptura za shule. Alisindikizwa uwanja wa ndege kwa mabasi matatu ya kukodi. Wanawake waliimba, wanaume walitoa hotuba, na mzee mmoja ambaye hadi leo hatujui alitokea wapi akalia kuliko mama mzazi.

Hakurudi tena. Lakini kila Jumapili alipiga simu kwa namba isiyoonekana, mara moja moja alitutumia makoti, na kwenye ukuta wa sebule yetu kulikuwa na picha yake: koti zito hadi magotini, kofia ya sufu, theluji kichwani, theluji mabegani, theluji hadi kwenye nyusi. Mgeni akiingia kwetu alionyeshwa picha kwanza, kiti baadaye.

Mimi nilikuwa nasubiri anivute niende huko.

"Mwakani, mpwa wangu," aliniambia kila mwaka.

Basi nikawa naishi kama mtu aliye kituoni. Hata kitanda cha maana sikununua. Cha nini, wakati kitaachwa?

Sasa siku moja bosi akaniita. Huko juu milimani kuna mji walikuwa wamejenga jengo lao la kwanza lenye lifti, na lifti imegoma. Safari ya kutwa nzima kwa basi.

Nikanuna. Nikarudi nyumbani na uso umeniwiva kwa hasira.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Lazima niwaeleze kuhusu macho ya Bibi, kwa sababu ndiyo habari yenyewe.

Zamani, kila mwaka, Bibi alisafiri peke yake kwenda kliniki ya macho ya mbali aliyosema ni nzuri sana. Alikataa katakata kusindikizwa. Alirudi mchangamfu, bila dawa hata ya matone. Tukasema kweli huko kuna daktari.

Kisha macho yakaharibika kweli. Presha ya macho. Hospitali ya hapa jijini wakatuambia kilichoondoka hakirudi. Alibaki anaona mwanga wa dirisha na vivuli vya watu, basi. Safari zikaisha.

Mjomba hakujua. Bibi alitukataza tusimwambie. Jumapili akiulizwa hali, alijibu, "Sijambo kabisa mwanangu," halafu akikata simu anapapasa meza kutafuta pa kuiweka.

Kitu kimoja tu alikitaka duniani: mwanawe arudi kabla hata ule mwanga wa dirisha haujazima. Hakukisema. Lakini gari likisimama nje, alinyamaza katikati ya sentensi mpaka asikie ni nani anashuka. Iliniuma kila mara.

"Umenuna nini?" akaniuliza siku hiyo. Haoni, lakini kununa alikuwa anakusikia.

"Wananipeleka porini, Bibi."

"Pori gani?"

Nikamtajia ule mji.

Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu macho yaharibike.

"Nenda. Mtembea bure si mkaa bure. Na ukifika uninunulie sponji ya kiti hiki, kinaniumiza. Kuna duka la magodoro mkabala na stendi. Usinunue kwingine."

"Bibi, sponji hata hapa mtaani zipo."

"Nimesema huko."

Kwetu Bibi akishasema "nimesema", kikao kimefungwa.

Nikapanda basi. Nia yangu ilikuwa kulala njia nzima.

Sikulala. Baada ya vilima vya kwanza likatokea ziwa, kubwa, la buluu, lina kisiwa kimoja kidogo katikati. Nikashtuka, kwa sababu ziwa hilo nilikuwa nalo kwenye simu. Ndiyo picha niliyoweka kwenye kioo, na miaka yote niliamini ni la Ulaya. Nikatoa simu nikalinganisha. Kisiwa kile kile.

Abiria wa pembeni yangu akaona ninavyohangaika.

"Wewe ni mgeni nchini?"

"Hapana. Mzaliwa."

Akanitazama kwa huruma, akanipisha nikae dirishani.

Tulipofika juu kulikuwa na baridi ya kung'ata na ukungu umelala barabarani. Watu wamevaa makoti. Mimi nilikuwa na shati la mikono mifupi, maana nilijua baridi iko Ulaya.

Asubuhi nikaenda kwenye lifti. Tatizo lilikuwa kifungo cha shati, kimenasa kwenye reli ya mlango. Lifti nyingi huwa haziharibiki. Kuna kitu kidogo kimekwama chini, mlango unakataa kufunga, basi jengo zima linapanda ngazi kwa sababu ya kifungo. Nikakitoa, ikatembea, watu wakapiga makofi. Jijini sijawahi kupigiwa makofi.

Nikaenda kununua sponji.

Duka nililiona mara moja. Magodoro yamepangwa hadi nje, na ndani mwanamume mmoja amenipa mgongo, anakata sponji kwa kisu kirefu huku akibishana na mteja.

"Mama, hilo ukililalia mwaka mzima halibonyei. Likibonyea nirudishie, nilale mimi."

Miguu yangu ikasimama yenyewe.

Ile sauti naijua. Ile ndiyo sauti ya Jumapili.

Mteja akalipa, akaondoka. Mwanamume akageuka. Koti zito hadi magotini. Kofia ya sufu.

"Karibu kaka. Unataka ya unene gani?"

Mdomo wangu ukafanya ulichofundishwa tangu utotoni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba," akajibu.

Halafu ndipo akanitazama.

"Umenifananisha," akasema haraka.

"Umeshaitikia, Mjomba."

Heshima ni kitu kibaya sana kwa mtu aliye mafichoni.

Akaweka kisu chini. Akaangalia barabarani, kama anatafuta pa kukimbilia, kisha mabega yakamshuka. Akanipeleka nyuma ya duka. Kulikuwa na magunia ya sponji iliyosagwa, ile nyeupe ya kujazia mito. Gunia moja lilikuwa limepasuka na limemwagika hadi ukutani.

Nikachota. Nikaiacha idondoke.

"Ndiyo ile?" nikauliza.

"Ndiyo ile."

"Na makoti uliyotutumia?"

"Makoti yalitoka Ulaya kweli. Yalipita tu kwenye mitumba kwanza."

Akanieleza. Alifika Ulaya, naam. Alifika uwanja wa ndege wa Ulaya, wakatazama karatasi alizouziwa na wakala wake, wakamrudisha kwa ndege iliyofuata. Akashuka kwetu, akakumbuka yale mabasi matatu na zile hotuba, akaona hawezi kurudi mtaani hata nguo hazijachafuka. Akaenda stendi akapanda basi linaloenda mbali kuliko yote. Alisema atakaa kidogo, aibu ipoe.

"Haikupoa," akasema. "Kila Jumapili nilikuwa naipasha moto mwenyewe."

Nilitaka kumkasirikia. Mimi ambaye sikununua kitanda kwa ajili yake! Lakini alisimama pale na sponji kichwani, na hasira ikakosa pa kukaa.

Mwanamke akavuka barabara kutoka kwenye mgahawa mdogo wa chai ulio mkabala. Aproni kiunoni, mikono imelowa.

"Huyu nani, mbona umesimamisha kazi?"

"Mpwa wangu," Mjomba akasema. "Huyu ni mke wangu."

Mwanamke akaniangalia kuanzia juu hadi viatu.

"Kumbe ana watu," akasema. "Mimi alinieleza kila kitu mwanzoni. Nimeolewa na mtu wa Ulaya, bahati iliyoje. Njoo unywe chai, unatetemeka."

Akanikalisha dirishani, panapotazamana na duka.

"Hapo palikuwa pa mama mmoja, mteja wangu," akasema akimimina. "Chai bila sukari. Siku hizi haji."

Sikutilia maanani. Nilikuwa natafuta maneno. Mjomba alipokuja kukaa, nikasema.

"Twende nyumbani, Mjomba."

"Nitaonekana na uso gani? Siwezi. Mama ana picha yangu ukutani."

"Haioni."

"Haioni vipi?"

"Bibi haoni tena. Anaona mwanga wa dirisha tu, nao unapungua."

"Jumapili aliniambia hajambo."

"Na wewe ulimwambia kuna theluji."

Mkewe akaacha kufuta meza. Nilijua nimevunja amri ya Bibi, na sikujuta.

Baadaye sana Mjomba akauliza, kwa sauti ya kazi kabisa, "Ulikuja kununua nini?"

"Sponji ya kiti chake."

"Kiti kina upana gani?"

"Sikupima."

"Siwezi kukata sponji ya kiti nisichokijua," akasema. Akasimama, akaanza kutafuta funguo za duka. "Lazima nikapime mwenyewe."

Mkewe alikuwa ameshavua aproni.

Tulifika nyumbani siku ya pili. Niliwatangulia mlangoni. Bibi alikuwa kwenye kiti, na gari liliposimama alikuwa amenyamaza, kama kawaida yake.

Mjomba akapita ile picha bila kuitazama. Akapiga magoti, akatoa futi ya kupimia, akaanza kupima kiti. Kweli. Upana, kisha urefu. Futi ikamponyoka.

Bibi akanyoosha mkono, akamshika kichwa. Akapapasa nywele taratibu. Akatoa punje ya sponji, akaisugua katikati ya vidole.

"Huko kwenu," akasema, "bado theluji inaanguka?"

Mjomba akalia kama mtoto. Mama yangu naye akalia, kisha akauliza kuna nini, maana hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nyuma yangu mke wa Mjomba akaguna.

"Mama wa dirishani!"

"Mkwe," Bibi akasema. "Natumaini siku hizi chai yako haina moshi."

Ndipo tukajua kliniki ya macho ilikuwa wapi.

Zamani, katika simu moja ya Jumapili, nyuma ya sauti ya mwanawe Bibi alisikia mpiga debe anaita abiria wa kuja jijini kwetu. Ulaya gani hiyo ina mpiga debe? Akaenda stendi, akauliza mabasi ya jijini yanatoka miji gani, akaanza kuizungukia mmoja mmoja. Mwanamke ambaye sisi tulidhani hajui hata njia ya sokoni aliizunguka nchi karibu nzima. Alipompata, akawa anaenda kila mwaka, anakaa dirishani na chai bila sukari, anamtazama mwanawe akikata sponji hadi duka lifungwe.

"Nikadanganya naenda kuangaliwa macho," akasema. "Nadhani Mungu aliuchoka uongo wangu, akaufanya kuwa kweli."

"Mama," Mjomba akasema, "kwa nini hukunisalimia?"

"Mtu aliyejificha ukimshtua anakimbilia mbali zaidi. Ningekusalimia, mwaka unaofuata ningekutafuta wapi?"

"Na sasa mbona umetuma niitwe?"

Bibi aligeuza uso dirishani, kwenye mwanga wake.

"Kutoka kwenye chai ya mkeo hadi dukani kwako ni barabara nzima. Macho yangu hayavuki barabara tena. Ilibidi usogee."

Mjomba aliokota futi, akapima kiti upya, maana vipimo vya mwanzo alikuwa amevisahau.

Watu wa mtaani walisema. Walisema wiki nzima, wakachoka, wakahamia kwa jirani aliyenunua gari bovu. Aibu iliyomfungia mtu milimani miaka yote hiyo haikumaliza hata mwezi.

Picha bado iko ukutani. Tulitaka kuitoa, Bibi akakataa. Anasema kijana wake ametokea vizuri.

Ndugu zangu, sikatazi mtu kwenda Ulaya. Lakini kabla hujaota treni za watu, panda basi la kwenu. Mimi nilikuwa na ziwa langu mwenyewe mfukoni na sikujua ni langu. Na huyo unayemlilia kwamba yuko ng'ambo, huenda ng'ambo yenyewe ni ya barabara.

Siku hizi lifti ikigoma mbali, mimi ndiye wa kwanza kunyoosha mkono kwa bosi.

Na nimenunua kitanda. Godoro nililetewa. Mjomba anasema likibonyea nimrudishie, alale yeye.